Chumvi, Rovu na Elimu ya Kemia

Kijana wa Iyula akipata nafasi ya kwenda Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kusomea lishe, huondoka hapa akitazamia kufundishwa habari za uji wa watoto, mboga za majani na maziwa. Akifika huko hukutana kwanza na atomu, asidi, na mizani inayopima kitu chepesi kuliko unywele. Wengi hunung'unika. Huuliza, na wazazi wao huuliza pamoja nao: kemia na chakula vina udugu gani? Swali hilo lina jibu katika historia ya nchi yetu hii hii ya Mbozi, na jibu lenyewe limo ndani ya kibuyu cha chumvi.

Sisi tuliozaliwa nyanda za juu za kusini karibu na miaka ya Uhuru tunalikumbuka rovu. Haikuwa ajabu kumwona mama sokoni ana uvimbe shingoni wa ukubwa wa limau, na mwingine wa ukubwa wa chungwa. Wapo waliosema ni maradhi ya ukoo, wapo waliosema ni uchawi, na wapo, Mwenyezi Mungu atusamehe sote, waliocheka. Lakini uvimbe ule ulikuwa alama tu. Balaa kubwa lilikuwa pale pasipoonekana: mimba zilizoharibika, watoto waliozaliwa viziwi au wadumavu, na wengine wengi zaidi ambao hawakuwa na kilema chochote cha kuonekana ila akili zao zilikuwa nzito darasani, nasi walimu tukawaita wavivu.

Shingoni, chini ya kongomeo, mna tezi yenye umbo la kipepeo. Kazi yake ni kutengeneza homoni iitwayo thairoksini, ambayo huuongoza mwili katika kukua, katika kutoa joto, na katika kujenga ubongo wa mtoto tangu angali tumboni. Kila molekuli ya thairoksini haina budi kuwa na atomu nne za ayodini, kitu ambacho siku hizi pakiti za chumvi hukiita madini joto. Ayodini ikikosekana, tezi huhangaika kutafuta, na katika kuhangaika huko hutanuka. Hilo ndilo rovu. Na kiasi kinachotakiwa ni kidogo mno: mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, yaani gramu moja ikigawanywa sehemu milioni, yeye achukue 150. Mja mzito anahitaji 250. Ukifanya hesabu ya miaka 60 ya maisha utapata gramu 3 na ushei, ambazo hazijazi kijiko cha chai. Kwa kukosa kijiko hicho, vizazi vizima vya watu wa milimani vilidhoofika.

Basi ilijulikanaje? Hapa hatuna budi kutoka Mbozi kidogo. Waarabu wa zamani walichoma mimea ya chumvichumvi na majivu yake wakayaita al-qali, na ndipo dunia ilipopata neno alkali. Neno kemia nalo lilipita katika al-kimiya kabla ya kufika Ulaya. Abu Bakr al-Razi, tabibu wa mji wa Rayy aliyefariki karibu na mwaka 925, aliyapanga mawe, chumvi na dawa kwa makundi, akaeleza vyombo na namna ya kuvitia motoni. Karne tisa baadaye, mwaka 1811, Mfaransa Bernard Courtois alikuwa akishughulika na majivu ya mwani ili kupata malighafi ya baruti kwa ajili ya vita vya Napoleon. Siku moja akatia asidi ya salfuriki kwa wingi kupita kawaida, na moshi wa rangi ya zambarau ukapanda. Ulipogusa mahali pa baridi ukaganda kuwa chembe nyeusi zenye kung'aa. Ndiyo ayodini, na jina lake limetokana na neno la Kiyunani lenye maana ya rangi ya urujuani. (Mwani, msomaji, ndio huu huu ambao akina mama wa Paje na Jambiani, Unguja, wamekuwa wakiulima kwa biashara tangu mwaka 1989.)

Mwaka 1820 tabibu Jean-François Coindet wa Geneva aliwaza jambo la busara. Tangu kale rovu lilitibiwa kwa majivu ya sifongo wa baharini. Yeye akasema: huenda dawa iliyomo ndani ya majivu hayo ni ayodini. Akawapa wagonjwa, na rovu likapungua. Watu wakaikimbilia dawa ile bila kipimo, wakajidhuru, na daktari akalaumiwa mjini. Baadaye Mfaransa mwingine, Boussingault, alipokuwa Amerika ya Kusini aliona kuwa watu waliotumia chumvi ya machimbo fulani hawakupata rovu, akashauri chumvi ya aina hiyo igawiwe. Hakusikilizwa. Ilipofika miaka ya 1890 Mjerumani Baumann aliikuta ayodini ndani ya tezi yenyewe, na hapo ubishi ukapungua. Uswisi ilianza kutia ayodini katika chumvi mwaka 1922, na jimbo la Michigan, Marekani, mwaka 1924. Tangu moshi wa Courtois hadi chumvi ya Uswisi ni miaka 111.

Sasa turudi kwetu. Babu zetu hawakuwa watu wasio na chumvi. Kule Ivuna, upande wa Ziwa Rukwa, ambako leo ni wilaya ya Momba katika mkoa huu wa Songwe, wataalamu wa mambo ya kale Fagan na Yellen walichimba na kutangaza mwaka 1968 kwamba watu walikuwa wakipika chumvi ya chemchemi hapo tangu karne ya 13 hadi ya 15. (Ivuna ndipo pia kilipoanguka kimondo tarehe 16 Desemba 1938, na wanakemia wa dunia nzima wanalijua jina hilo kwa sababu mchanganyiko wa elementi zake unakaribia sana ule wa jua, ukiacha gesi. Ni heshima kubwa kwa kijiji ambacho wengi wetu hatujakitembelea.) Chumvi ya kuchemshwa ilikoleza mchuzi, ikahifadhi nyama, ikawa mali ya biashara. Ila chumvi peke yake, iwe ya chemchemi au ya mwamba, kwa kawaida haina ayodini ya kutosha.

Wengi hudhani kuwa chumvi ya bahari inayo. Sivyo. Maji ya bahari yanapokaushwa, ayodini kidogo sana ndiyo hubaki katika chembe za chumvi. Mtu wa pwani aliepukana na rovu kwa sababu ya samaki, si kwa sababu ya chumvi yake. Na sisi wa milimani mvua nyingi ya karne na karne imeisafisha ardhi yetu, ayodini ikachukuliwa na mito, na mahindi na maharage yaliyoota katika udongo huo yakawa nayo kidogo tu. Shamba likastawi, ghala likajaa, na mlaji akapungukiwa.

Na chakula kingine huzidisha tatizo. Katika kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, mashariki ya Kongo, madaktari wa Ubelgiji walichunguza katika miaka ya 1960 wakaona kuwa watu wa upande mmoja wana rovu kuliko wa upande mwingine, ilhali upungufu wa ayodini ni ule ule. Muhogo ukawa ndio tofauti. Sumu ya muhogo usioandaliwa vizuri mwilini hugeuka kuwa thayosayaneti, nayo huizuia tezi isiichukue ayodini.

Serikali ya Tanzania iliunda Taasisi ya Chakula na Lishe kwa sheria ya mwaka 1973, na uchunguzi wake ukaonyesha ukubwa wa jambo hili. Kwanza, katika miaka ya 1980, wilaya zilizoathirika vibaya ziligawiwa vidonge vya mafuta ambayo ayodini imefungamanishwa nayo. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1990, nchi ikaanza kutia ayodini katika chumvi. Uchunguzi wa mwaka 2004 ulikuta kuwa katika wilaya zilizokuwa na hali mbaya kabisa, rovu kwa wanafunzi lilishuka kutoka asilimia 61 hadi kama 12, na kaya 84 katika kila 100 zilikuwa na chumvi yenye madini joto. Sijui kazi nyingine ya afya iliyofanywa kimya kimya namna hii ikafika mbali hivyo.

Hapa ndipo kijana wetu wa Morogoro anapohitajika. Kitu kinachotiwa katika chumvi si ayodini tupu. Ni ayodeti ya potasiamu, kwa kuwa katika nchi za joto na unyevu hiyo hustahimili kuliko ayodidi. Alama yake ni KIO3. Potasiamu ina uzito wa 39, ayodini 127, na oksijeni tatu 48, jumla 214. Ikiwa unataka gramu 50 za ayodini kwa tani moja ya chumvi, basi utapima gramu 84 za ayodeti. Asiyejua kemia atapima 50, naye ataamini kuwa ametimiza, kumbe ametoa gramu 30 tu. Hajaiba, hajakusudia, lakini mtoto aliye tumboni hupunjwa vile vile.

Katika miji ya Kiislamu ya zamani alikuwako muhtasib, mkaguzi wa soko, na al-Shayzari wa Sham katika karne ya 12 aliandika kitabu kizima cha kumwongoza ajue maziwa yaliyotiwa maji na unga uliochanganywa. Muhtasib alitumia jicho, ulimi na mizani. Kwa ayodini ya chumvi vyote hivyo havisaidii, maana yenye madini joto na isiyo nayo ni nyeupe sawa na kali sawa. Mkaguzi wa leo huchukua chupa ndogo yenye wanga, ayodidi na asidi, akadondosha tone juu ya chumvi. Asidi huwezesha ayodeti na ayodidi kukutana zikatoa ayodini huru, nayo ikigusana na wanga huleta rangi ya buluu.

Wapikaji wadogo wa chumvi ndio wenye shida kubwa, kwa kuwa wengi hunyunyiza dawa kwa bomba la mkono na kuchanganya kwa koleo. Ukipima gunia moja la namna hiyo, konzi ya juu yaweza kugeuka buluu iliyokoza, na konzi ya chini ya gunia hilo hilo ikabaki nyeupe.