Nyimbo za Kumsindikiza Bibi Harusi

Hapa Kajiado, uimbaji wa harusi ya Kimaasai hautegemei ngoma. Olaranyani, yaani kiongozi wa wimbo, huanzisha, wengine huitikia kwa mngurumo wa koo, na shanga za shingoni hulia mabega yanapopanda na kushuka.

Sikiliza hasa nyimbo za wanawake, maana uzito wa siku umo humo. Ni sala kwa Enkai, mpaji wa mvua na watoto, wakimwombea bibi harusi uzazi na mifugo isiyopungua. Huzuni imo pia. Kimila, msichana hunyolewa nywele na kupakwa mafuta, baba yake humbariki kwa kumtemea maziwa, kisha huondoka bomani kwa mama yake bila kugeuka nyuma: inasemekana atakayegeuka atakuwa jiwe. Akifika ukweni, wanawake humpokea kwa matusi ya kumkomaza kabla ya kumkaribisha.



Mjini Kitengela nyimbo za Kimaasai husikika pia nje ya makanisa na ndani ya mahema ya kukodi. Vipaza sauti vimeingia. Kuitikia bado ni kazi ya mama, shangazi na majirani.