Upatanisho

Mwalimu wa Kiswahili akisikia “kitabu yangu” hushtuka. Kompyuta nayo ina masikio hayo hayo. Juzi nilikuwa nakompaili kiendeshi cha zamani cha kadi ya Wi-Fi kwenye Linux mpya, ikagoma: haimjui huyo “init_timer”. Jina hilo liliondolewa katika toleo la 4.15, Januari 2018, na kazi yake akapewa “timer_setup”. Kiendeshi changu kiliandikwa kabla ya hapo.

Kiini cha Linux (kernel) na kiendeshi vyote ni vya ngeli ya KI-VI, ila upatanisho wao ni wa matoleo. Na kiini hicho hakikukiahidi kiendeshi kitu: milango yake ya ndani hubadilishwa wakati wowote, na kiendeshi kilichobaki nje ya msimbo wake ndicho kinachopaswa kukifuata. Ukali huo mimi naukubali.

Kwa hiyo andika kwanza “uname -r” uone toleo la kiini kinachofanya kazi, usakinishe faili za vichwa za toleo hilo hilo, kisha utafute kiendeshi kilichorekebishwa. Na ukiomba msaada, tafadhali, usiseme “kiendeshi yangu”.