Kiti cha Kaimu: Mjadala wa Mrithi wa Johnny Carson

Kila inapozungumzwa historia ya vipindi vya mazungumzo vya usiku nchini Marekani, kuna dai linalorudiwa kana kwamba limekwisha kuamuliwa na mahakama: kwamba shirika la NBC lilimdhulumu David Letterman lilipompa Jay Leno kiti cha The Tonight Show mwaka 1992, kinyume na matakwa ya Johnny Carson aliyekikalia kwa miaka thelathini. Dai hilo lilienea zaidi kupitia kitabu cha Bill Carter, The Late Shift, kilichotoka mwaka 1994, kisha filamu ya HBO ya mwaka 1996. Tangu hapo wasimulizi wamezama katika hila: wakala mkali, mchekeshaji aliyejificha kabatini akisikiliza maofisa wakimjadili, ofa za dakika za mwisho. Masimulizi hayo ni matamu, lakini yanaanzia mwishoni. Uamuzi wa mwaka 1992 ulikuwa na mizizi katika mkataba wa mwaka 1980, ambao waandishi wengi huupitia kwa sentensi moja na kuendelea na safari. Ukiusoma mkataba huo pamoja na orodha ya watu waliowahi kumshikia Carson zamu, utaona kuwa katika vipindi hivi mrithi huwa karibu kila mara ni mtu aliyewahi kukaimu mbele ya watazamaji, na kwamba wakubwa wanaodhani wanachagua aghalabu huwa wanaidhinisha tu.

Mwanzo wa historia unafahamika, nami nitaupita upesi. Steve Allen, aliyeanzisha Tonight katika NBC mwezi Septemba 1954, alipata jina alipomshikia zamu Arthur Godfrey katika kipindi cha kusaka vipaji. Jack Paar, aliyeshika kiti kuanzia mwaka 1957, alijulikana redioni mwaka 1947 alipojaza nafasi ya Jack Benny wakati wa kiangazi. Carson mwenyewe alikuwa mwandishi wa vichekesho wa Red Skelton, na mwaka 1954 Skelton alipoumia wakati wa mazoezi, muda mfupi kabla ya kwenda hewani, yeye ndiye aliyesukumwa mbele ya kamera. Mwaka 1958 akamkaimia Paar, na Paar alipoondoka mwezi Machi 1962 jina lake lilikuwa tayari mezani. Alikuwa bado amefungwa na mkataba wa ABC, hivyo NBC ikakiendesha kipindi kwa makaimu kuanzia Aprili hadi mwisho wa Septemba. Mmoja wao, Merv Griffin, aling'ara kiasi kwamba NBC ilimpa kipindi chake cha mchana, na kikaanza tarehe 1 Oktoba 1962, siku ileile Carson alipoketi rasmi.

Sasa tuje kwenye mkataba wenyewe. Mwaka 1979 Carson alitaka kuondoka, NBC ikamng'ang'ania, mawakili wakaingia kati, na mwaka 1980 pande mbili zikapatana. Kilichoandikwa sana ni fedha. Kilicho muhimu zaidi ni mambo mengine matatu. Kipindi kilipunguzwa kutoka dakika 90 hadi saa moja. Kampuni ya Carson ikapata umiliki wa kipindi pamoja na mamlaka juu ya saa inayokifuata. Tena Carson aliendelea kufaidi wiki fupi na likizo ndefu, maana yake kiti chake kingekaliwa na mtu mwingine kwa sehemu kubwa ya kila mwaka. Masharti hayo mawili ya mwisho yalivutana, na Letterman akajikuta katikati. Alikuwa ameanza kumkaimia Carson mwaka 1979, na ilionekana anaandaliwa. Kipindi chake cha asubuhi kilipokufa mwaka 1980 baada ya miezi minne tu, NBC haikumwachia aende, na tarehe 1 Februari 1982 Late Night with David Letterman ikaanza saa sita na nusu usiku, kwa ubia na kampuni ya Carson. Wengi huihesabu siku hiyo kuwa hatua yake ya kwanza kuelekea urithi. Mimi naihesabu kuwa siku aliyotolewa kwenye foleni. Alipewa nyumba yake mwenyewe, kwa sharti kwamba isifanane na ya mwenye mji: pasiwe na msaidizi wa kukaa pembeni kama Ed McMahon wa Carson, bendi iwe ndogo, na hotuba ya ufunguzi iwe fupi. Kwa miaka kumi alijenga ucheshi wa kejeli uliopendwa na wanafunzi wa vyuo, huku kiti cha saa tano na nusu kikizoea miili ya watu wengine.

Wa kwanza wao ni Joan Rivers, na hapa historia iliyozoeleka inahitaji kurekebishwa kuliko penginepo. Mwaka 1983 alitangazwa kaimu wa kudumu, wa kwanza kupewa cheo hicho kwa jina, na watazamaji walimfuata. Mwaka 1986 alikubali kipindi chake katika kituo kipya cha Fox. Carson alikasirika na hakuzungumza naye tena hadi kufa. Simulizi ya kawaida humwita msaliti au, kwa upole zaidi, mtu mwenye pupa. Rivers alieleza kuwa mkataba wake ulifupishwa usilingane na wa Carson, na kwamba alikuwa ameonyeshwa waraka wa NBC wenye majina ya warithi watarajiwa ambamo jina lake halikuwemo. Wanaompuuza husema hayo ni maneno ya mtu aliyekwisha kuondoka. Mimi naona yanaafikiana na kila kitu kingine tunachokijua: mwanamke aliyeweza kukishika kiti kwa wiki nyingi kila mwaka hakufikiriwa kukimiliki, na hadi leo hakuna mwanamke aliyewahi kukabidhiwa kiti hicho moja kwa moja. Ikiwa kukaimu ndiko mtihani, Rivers alifaulu na cheti akanyimwa. Mfano wake haupingi hoja yangu. Unaonyesha tu kwamba wenye kuidhinisha waliweza kuzuia, hata pale waliposhindwa kuzalisha. Fox nayo ilimfukuza mwezi Mei 1987, na miongoni mwa waliojaza nafasi yake alikuwamo Arsenio Hall. Wiki chache za kukaimu zikamjengea hadhira, na Januari 1989 akaanza kipindi chake mwenyewe na kuwavuta vijana ambao Carson hakuwa nao tena.

Leno aliingia kwenye pengo aliloliacha Rivers. Mwanzoni aligawana zamu na Garry Shandling, lakini Shandling alipoamua kushughulikia tamthilia yake ya vichekesho, Leno akabaki peke yake kuanzia mwaka 1987. Wachambuzi wanaompenda Letterman hupita hapa haraka, ilhali hapa ndipo penye kiini cha jambo. Mtandao wa NBC haukuwa na studio moja inayofika kila nyumba. Ulitegemea takriban vituo washirika 200, kila kimoja na wenyewe, kila kimoja kikiuza matangazo ya taarifa yake ya habari ya saa tano usiku. Mwenye kituo huko Ohio au Texas alihitaji mtu ambaye mtazamaji hatamzimia mara habari zikiisha. Leno aliwaendea hao mmoja mmoja, akawarekodia matangazo, akawatembelea. Letterman hakuwa na subira hiyo. Mwaka 1986, kampuni ya General Electric ilipoinunua NBC, alikwenda na kamera na kikapu cha matunda hadi jengo la kampuni hiyo, akafukuzwa mlangoni na mlinzi, akakionyesha kisa chote hewani. Kilikuwa kichekesho cha daraja la juu, na barua mbaya kuliko zote ya kuomba kazi.

Pingamizi la kwanza ni la hila. Mapema mwaka 1991 gazeti la New York Post lilichapisha kuwa NBC inataka kumng'oa Carson ili Leno aingie, na baadaye ilifahamika kuwa habari hiyo ilipandwa na wakala wa Leno, Helen Kushnick. Tarehe 23 Mei mwaka huo, Carson akawashangaza wenye vituo mjini New York kwa kuwatangazia kuwa mwaka mmoja baadaye atastaafu. Mwezi Juni Leno akatangazwa. Sikatai kuwa Kushnick alicheza rafu. Ila rafu yake ingekuwa kelele tupu kama mteja wake asingekuwa tayari anaonekana kila Jumatatu usiku. Huyohuyo Kushnick, alipokabidhiwa utayarishaji wa kipindi mwezi Mei 1992, alifukuzwa kabla mwezi Septemba haujaisha, na Leno akabaki. Hila ikaondoka, na kiti hakikutikisika.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi, nalo ni la matakwa ya Carson. Baada ya kustaafu alitokea katika kipindi ambacho Letterman alikwenda kukianzisha katika shirika pinzani la CBS, na mwezi Mei 1994 akaketi kwa muda mfupi kwenye meza yake. Kwa Leno hakukanyaga. Hadi karibu na kifo chake, Januari 2005, alikuwa akimtumia Letterman vichekesho vya kutumia hewani. Peter Lassally, mtayarishaji aliyefanya kazi na wote wawili, alisema wazi kuwa Carson alimwona Letterman kuwa ndiye mrithi halali. Nakubali ushahidi huu wote. Lakini unatueleza moyo wa Carson ulikuwa wapi baada ya jambo kwisha. Alipokuwa na nguvu ya kuamua nani aketi wakati yeye hayupo, miaka minne na zaidi ilimwendea Leno. NBC haikumwomba ushauri kuhusu mrithi, na hilo ni utovu wa adabu. Hata hivyo, jibu la vitendo alikuwa ameshalitoa yeye mwenyewe.

Yaliyofuata Januari 1993 yanaonyesha jinsi mikataba ilivyobana kila mtu. CBS ilimpa Letterman ofa ya dola milioni 14 kwa mwaka, NBC ikagutuka na kumwahidi The Tonight Show, ila mkataba wa Leno ungekwisha mwezi Mei 1994. Ilikuwa ahadi ya kusubiri, na Letterman akaikataa. Alianza CBS tarehe 30 Agosti 1993, akaongoza kwa karibu miaka miwili hadi Julai 1995, mwigizaji Hugh Grant alipokwenda kwa Leno baada ya kukamatwa na polisi. Tangu hapo Leno aliongoza kwa sehemu kubwa ya miaka iliyobaki. Wanaobishana nani alikuwa mcheshi zaidi waendelee. Swali hilo halikuwahi kumweka mtu kitini.

Conan O'Brien ndiye anayeonekana kuivunja kanuni hii, kwani mwaka 1993 alikuwa mwandishi asiyejulikana alipopewa saa ya Letterman. Lakini hiyo ilikuwa saa sita na nusu, ambako hasara ilikuwa ndogo, na NBC ilimweka kwa mikataba ya wiki chache chache, kama kaimu asiyeitwa kaimu. Mtihani wake wa kweli ulikuwa baadaye. Leno, aliyeijua njia aliyoipita, aliiziba: hakuwa na kaimu wa kudumu, na akienda likizo kilirushwa kipindi cha marudio. Kwa hiyo mwaka 2004 NBC ilimwahidi O'Brien kiti ambacho angekipata mwaka 2009 bila hadhira ya saa tano na nusu kuwahi kumzoea. Alianza tarehe 1 Juni 2009. Leno akahamishiwa saa nne, taarifa za habari za vituo washirika zikaporomoka, wenye vituo wakaja juu, na Januari 2010 NBC ikataka kumsogeza O'Brien hadi saa sita na dakika tano. Alikataa na akaondoka, na Leno akarudi kitini. Nakiri kuwa Jimmy Fallon, aliyerithi Februari 2014 kwa njia ileile, hakupata msukosuko huo. Safari hii Leno alikuwa ameondoka kweli.

Mfano safi kuliko yote uko nje ya NBC. Kiangazi cha mwaka 2013 Jon Stewart wa The Daily Show alikwenda Jordan kutengeneza filamu, na John Oliver wa kipindi hichohicho akakaimu kwa takriban wiki nane. Mwaka haukwisha kabla HBO haijamchukua. Stewart alipostaafu mwaka 2015, aliyethibitishwa kwa kukaimu alikuwa kwingine, na Comedy Central ikamteua Trevor Noah wa Afrika Kusini, aliyekuwa ameonekana mara chache tu. Noah alidumu miaka saba, na huo ndio ushahidi wenye nguvu kuliko wote dhidi yangu, ingawa miaka ile ya mwanzo ilimgharimu watazamaji wengi wa Stewart. Alipoondoka Desemba 2022 kituo kilijaribu makaimu wengi, karibu kila mmoja kwa wiki moja, muda usiotosha kwa mtu kuzoeleka. Februari 2024 Stewart mwenyewe akarudi kushika Jumatatu. Na mwezi Julai 2025, CBS ilipotangaza kuwa The Late Show ya Stephen Colbert itafungwa Mei 2026, ilitaja fedha huku wakosoaji wakitaja siasa. Jina la mrithi halikutajwa na upande wowote, wala katika miaka yake kumi Colbert hakuwa na kaimu wa kudumu ambaye mtu angeweza kumtaja.