Malindi na Mombasa, Pate na Lamu: Adawa za Miji na Waliozirithi

Kila asomaye tarikhi ya pwani yetu hukuta vita vingi vya mji kwa mji, na aghalabu huambiwa kwamba vilizuka kwa tamaa ya mali au kwa jeuri ya wafalme, kisha hupita asiulize zaidi. Tamaa ilikuwapo na jeuri ilikuwapo, hapana mwenye kuzikana. Walakini zote mbili zilikuwapo hata katika miaka mingi ambayo miji hiyo ilikaa kwa amani, ikaoana, ikauziana nguo na nafaka, na watu wake wakaswali nyuma ya imamu mmoja. Linalotaka kuelezwa ni kwa nini jirani aliyevumiliwa kwa vizazi vitatu au vinne akaonekana ghafla kuwa havumiliki tena. Rai yangu ni kwamba dola mbili zinazoshindana huingia vitani pale moja yao inapodhani kuwa mwenziwe yu karibu kupata msaidizi wa nje, au yu karibu kuitwaa nyumba ya tatu iliyogawanyika, na kwamba akiachwa mwaka mmoja zaidi hatazuilika. Na hivyo khofu ya kesho hutenda kazi ambayo ghadhabu ya jana haikuweza kuitenda.

Mfano wa kwanza ni Malindi na Mombasa. Mwezi wa Aprili 1498 merikebu za Vasco da Gama zilifika Mombasa, zikapokewa kwa shaka na kuondoka kwa shaka. Zilipofika Malindi zikapewa maji, vyakula, na rubani wa kuzivusha hata Bara Hindi. Wako waliomwita Sultani wa Malindi msaliti kwa ukarimu huo, nami sikubaliani nao. Mji wake ulikuwa dhaifu kuliko Mombasa, bandari yake ilikuwa wazi kwa mawimbi na pepo, ilhali vyombo vya Mombasa vililala salama ndani ya mlango wa maji uliozungukwa na ardhi. Biashara yote yenye faida ilikuwa ikielekea huko. Akaona mbele yake mgeni mwenye mizinga, na hesabu aliyoifanya ni hesabu ambayo mtawala yeyote dhaifu angeifanya, kwamba mizinga hiyo isipokuwa upande wake huenda ikawa upande wa jirani yake.

Matokeo yalikuja upesi. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliishambulia Mombasa, akaipora na kuichoma moto. Katika khabari zilizoandikwa na Wareno wenyewe imehifadhiwa barua ambayo mfalme wa Mombasa alimpelekea mfalme wa Malindi baada ya msiba ule, akimweleza jinsi mji ulivyoteketezwa, jinsi wasivyosazwa wanaume wala wanawake, wazee wala watoto, na jinsi harufu ya maiti ilivyokuwa kali hata yeye mwenyewe hakuthubutu kuingia mjini. Na akasema kwamba anamjulisha hayo ili naye apate kujihadhari. Sijui waraka wa pwani unaostahili kukumbukwa kuliko huo. Adui anamwandikia adui wake, katika saa ambayo angaliweza kumlaani, na kumwonya juu ya rafiki aliyemkaribisha mwenyewe. Malindi hawakulisikia onyo lile, na yamkini hawakuwa na nafasi ya kulisikia, kwa kuwa walikuwa wamekwisha kufungamana na mgeni, na kumwacha kungalikuwa kujitoa uchi mbele ya Mombasa yenye kisasi.

Nuno da Cunha aliipiga Mombasa tena mwaka 1528, Wareno wakairudia mwaka 1589, na baada ya hapo Shekhe wa Malindi akapata lile ambalo baba zake walilitamani: aliondoka Malindi akahamia Mombasa, akaketi katika kiti cha adui wa jadi. Mwaka 1593 Wareno wakaanza kujenga Ngome ya Yesu katika mji huo huo, na ugomvi ukazuka baina ya mfalme na makapteni wa ngome juu ya ushuru, juu ya Pemba, na juu ya heshima. Mwaka 1614 Sultani Hassan bin Ahmad aliuawa bara, alikokimbilia, kwa hila ya kapteni Mreno, na kichwa chake kikapelekwa Goa. Mwanawe Yusuf alichukuliwa Goa akiwa mtoto, akabatizwa, akarudishwa kuwa mfalme kwa jina la Dom Jerónimo. Na mwezi wa Agosti 1631 aliingia ngomeni, akamwua kapteni, akarejea katika Uislamu. Baada yake nyumba iliyomkaribisha Vasco da Gama haikutawala Mombasa tena.

Kuhusu kutoka kwa Wareno sina haja ya kusema mengi. Watu wa pwani walimwita Imamu wa Oman, ngome ikazingiwa tangu Machi 1696 hata Desemba 1698, ikaanguka. Oman ilipovurugika kwa vita vya Wayaarubi, nyumba ya maimamu wake, na wapinzani wao, na Ahmad bin Said Al-Busaidi akashika uimamu, Liwali wa Mombasa, Muhammad bin Uthman Al-Mazrui, alikataa kumtii. Akauawa ndani ya ngome mwaka 1746 na watu waliotumwa kutoka Oman, na nduguye Ali bin Uthman akaponyoka, akakusanya watu wa Mombasa na kuitwaa ngome tena. Tangu siku hiyo Mazrui na Busaidi walikuwa na damu baina yao. Lakini tazama: kwa muda wa zaidi ya miaka sitini damu hiyo haikuleta vita vikubwa, kwa sababu Oman ilikuwa mbali na yenye shughuli zake, na Mombasa haikuwa na nguvu za kuitisha. Kilichoamsha moto ni jambo la Lamu.

Pate wakati huo ulikuwa ufalme wa Nabahani, wenye jina kubwa na mali zinazopungua. Bandari yake haikufikiwa ila maji yakijaa, na kila kizazi kilichopita ilizidi kuwa na kina kifupi. Merikebu kubwa zikazoea kutia nanga katika mlango wa Lamu, penye maji mengi, na ushuru ukafuata merikebu. Mtawala anayeona mapato yake yakihamia mji anaouhesabu kuwa ni wake, na mji huo ukianza kujinenea kana kwamba hauna mkubwa, hawezi kulala. Juu ya hayo Sultani Fumo Madi alifariki katika miaka ya mwanzo ya karne ya 19, na kiti kikawaniwa. Liwali wa Mombasa, Ahmad bin Muhammad Al-Mazrui, alimsaidia mmoja wa waliokiwania, na Lamu wakamwelekea mwenziwe. Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote: Mombasa hawakuweza kuuacha ugomvi wa Pate kwa kuwa wasipoingia wao wataingia wengine, na Lamu hawakuweza kukubali Pate yenye askari wa Mombasa kwa kuwa mkono wa pili utawafikia wao. Kila mmoja alijiona anajikinga.

Lamu yenyewe ilikuwa imegawanyika katika makundi mawili, Zena na Suudi, yaliyoshindana kwa nasaba na kwa mitaa, na waliokuja kuushambulia mji walitumaini mgawanyiko huo ungewafungulia mlango. Yapata mwaka 1813 majahazi ya Mombasa na Pate yalikusanyika, yakatia nanga mbele ya Shela, mwisho wa kisiwa, mwendo wa chini ya saa moja kwa miguu kutoka mjini. Ni mahali ambapo vilima vya mchanga vyashuka hata baharini, na chini ya mchanga huo ndimo yalimo maji matamu yanywewayo na mji mzima. Jeshi lilishuka kwa uhakika wa ushindi. Watu wa Lamu, ambao Bwana Zahidi Ngumi alikuwa miongoni mwa wakuu wao, waliweka kando ya Zena na Suudi wakatoka kupigana kama watu wa nyumba moja. Wageni wakavunjika, wakakimbilia pwani kutafuta vyombo vyao, na walipofika wakakuta maji yamekupwa na vyombo vimekaa juu ya mchanga. Hapakuwa na pa kukimbilia. Waliuawa pale pale baina ya vilima na bahari, na miaka mingi baadaye upepo ulipouhamisha mchanga mifupa yao ilionekana.

Mombasa walikuwa na malenga wao, Muyaka bin Haji, na Lamu walikuwa na Zahidi Ngumi, nao walijibizana kwa mashairi kabla ya vita na baada yake. Nataja jambo hilo kwa sababu linaonyesha jinsi maadui hawa walivyokuwa karibu: kila upande uliyaelewa mafumbo ya mwenziwe hata kwenye matusi yaliyofichwa mno, na kila tusi lilipata wasikilizaji katika miji yote miwili. Maneno hayo yaliwafunga wakubwa, kwani aliyejinata kwa shairi mbele ya watu hakuweza tena kurudi nyuma bila kuaibika.

Mtu angetaraji baada ya Shela kwamba aliyeshindwa ndiye angetafuta mlinzi. Lililotokea ni kinyume chake. Walioshinda ndio walioogopa zaidi, kwa kuwa walijua kisasi kitakuja, wakapeleka watu Maskati kumwomba Seyyid Said bin Sultan awatie katika himaya yake. Naye alikuwa kijana aliyeshika utawala si zamani, mwenye maadui wengi kwao Arabuni, na mwenye jicho juu ya biashara ya pwani hii. Mlango ambao babu yake aliubisha kwa kuua liwali, yeye alifunguliwa na wenyeji. Akapeleka liwali na askari Lamu, na ngome iliyokuwa imeanzwa mjini ikamalizwa kwa msaada wake yapata mwaka 1821.

Huko Mombasa, Abdallah bin Ahmad alishika utawala mwaka 1814. Yasimuliwa kwamba alipotakiwa kumpelekea Seyyid hidaya ya utii alimpelekea baruti kidogo, vazi la chuma la vitani, na kibaba cha kupimia nafaka. Nafikiri kibaba kilikuwa na uzito kuliko baruti, kwa kuwa chakula ndicho kilichokuwa udhaifu wa Mombasa: mji uliishi kwa mpunga wa Pemba, na aliyekuwa na Pemba alikuwa na ufunguo wa ghala. Seyyid Said alilijua hilo. Kabla ya kuigusa ngome alianza na visiwa na miji ya pembeni, Barawa, Pate, kisha Pemba, ambayo Mazrui waliipoteza mwaka 1823 wasiweze kuirudisha. Na mwaka uliofuata Sulaiman bin Ali Al-Mazrui, kwa khofu ile ile iliyowapeleka Lamu Maskati, aliwaomba Waingereza waipandishe bendera yao Mombasa. Kapteni Owen aliipandisha Februari 1824, na serikali yake ikaishusha mwaka 1826, ikawaacha Mazrui peke yao.

Seyyid Said alikuja mwenyewe mwaka 1828 na merikebu ya Liverpool yenye mizinga 74, akarudi mwaka 1829, akarudi tena mwaka 1833, na mara zote mizinga haikumaliza kazi. Kazi ilimalizwa mwaka 1837 na ugomvi wa ndani. Mazrui walikuwa wameshindana juu ya urithi wa uliwali. Mashekhe wa Thelatha Taifa, muungano wa kabila tatu za Mombasa, ambao walikuwa na malalamiko yao, waliegemea upande wa Seyyid, na ngome ikatolewa. Wakuu wa Mazrui walikamatwa, wakachukuliwa ng'ambo hata Bandar Abbas, na waliosalia wakahamia Takaungu na Gasi. Basi jambo walilolifanyia Pate, la kuingia katika nyumba iliyogombana juu ya kiti, walifanyiwa wao.

Sitaki msomaji adhani kwamba nawalaumu Busaidi kwa ubaya ambao wengine hawakuwa nao. Seyyid Said alipofariki baharini mwaka 1856, wanawe Thuwaini wa Maskati na Majid wa Unguja walikuwa kama Pate na Lamu: mmoja na jina la ukubwa, mwingine na ushuru. Mwaka 1859 Thuwaini alitayarisha merikebu za kuja Unguja, na Waingereza wakazizuia. Shauri likapelekwa kwa Lord Canning, mtawala wa Bara Hindi, na mwaka 1861 akahukumu kwamba nchi zigawanywe na Unguja ilipe Maskati reale 40,000 kila mwaka. Vita viliepukwa, nami nasema kwa moyo mmoja kwamba hilo lilikuwa jema. Lakini tangu siku hiyo aliyeamua nani awe mtawala Unguja alikaa nje ya Unguja.

Nabahani nao, baada ya kushindwa Pate na watu wa Seyyid, walihamia bara pamoja na Sultani Ahmad aliyeitwa Simba, wakafanya makao Witu katikati ya msitu, na kwa khofu ya Unguja wakaomba himaya ya Wadachi, yaani Wajerumani, mwaka 1885. Miaka mitano ilikuwa imepita kwa kidogo tu Wadachi walipowakabidhi kwa Waingereza katika mkataba wa Julai 1890. Oktoba ya mwaka huo jeshi la Waingereza liliuchoma mji wa Witu, na mwezi uliofuata Unguja ikatangazwa kuwa chini ya himaya ya Uingereza; nyumba ya Pate na nyumba ya Maskati zikawa chini ya bendera moja, ambayo haikuwa ya yeyote kati yao.