Chungu au Pipa?

Mama mpika pombe ya mtama akitaka kupika zaidi, afanyeje? Atafute chombo kikubwa. Jambo dogo tu, au siyo? Kule Durban, Afrika Kusini, halikuwa dogo.

Sheria ya Natal ya 1908 iliziruhusu manispaa kuhodhi biashara ya pombe ya Waafrika. Kuanzia 1909 Durban ikafungua vilabu vyake, na faida ikalipia idara ile ile iliyomtawala mnywaji. Yaani, mtu alijinunulia kamba ya kufungiwa! Na mwanamke aliyepika nyumbani kwake akawa mhalifu.

Hata hivyo alipika, maana njaa ya watoto haingoji kibali. Sasa achague: chungu cha udongo, au pipa la chuma la lita 200 hivi? Chungu hubebeka na kufichika, ila kinakauka wateja bado wamekaa. Pipa linalisha nyumba nzima, lakini askari wakija hulibebi. Basi likazikwa ardhini, mdomo ukafunikwa udongo. Likifukuliwa, mtaji wote umemwagika.

Juni 1959, huko Cato Manor, maofisa walipomwaga pombe na kuharibu vyombo, akina mama walichoka. Wakavamia kilabu cha manispaa fimbo mkononi, wakawatimua wanaume, wakaimwaga pombe ya manispaa nayo.

Sisi vijana tunaoandika hupenda kuitafuta historia bungeni. Wakati mwingine, jamani, imezikwa uani, ndani ya pipa.