Baritoni: Sauti Isiyo na Safu

Ingia kwenye mazoezi ya kwaya Kasulu au Kibondo, iwe ya Waanglikana, ya Wakatoliki au ya Wapentekoste, utakuta wanaume wamegawanywa pande mbili: tena, yaani sauti ya tatu, na besi, sauti ya nne. Kijana mgeni akija, mwalimu anampigia kinanda naye anapanda do, re, mi. Akianza kukwaruza juu, basi, anapelekwa besi. Kumshusha chini ili kuona anaishia wapi, mara nyingi hakuna anayejisumbua. Ndiyo maana wimbo ukizama kwenye nota za chini kabisa, nusu ya besi hufungua midomo tu na wazee wawili watatu wakaubeba peke yao.

Wengi wa hao wanaofungua midomo ni baritoni.

Baritoni ni sauti ya kiume iliyo kati ya tena na besi. Kwa aliyezoea nota za do-re-mi, kipimo chake ni rahisi kushika. Chukua wimbo ambao do yake ni C. Besi huanzia mi ya chini na kupanda oktava mbili hadi mi. Baritoni huanzia so hadi so, na tena do hadi do. Mi, so, do: ukizipanga hivyo unapata kodi ambayo kila mwanakwaya anaijua. Hivyo ni vipimo vya jumla tu. Mwalimu mzuri hutazama zaidi mahali sauti inapotulia na kung'aa bila mishipa ya shingo kusimama, na kwa wanaume wengi mahali hapo ni katikati.

Kwa nini basi baritoni hana safu yake? Kwa sababu vitabu vya nyimbo vilivyokuja na wamisionari viliandikwa kwa sauti nne, na nne hizo ndizo zilizobaki. Tusidhani hilo ni la kwetu tu. Mozart alipotoa opera ya Figaro mwaka 1786 na Don Giovanni mwaka 1787, wahusika wakuu ambao leo mara nyingi wanaimbwa na baritoni waliandikwa kuwa ni besi. Waitalia wa karne ya 19 ndio waliomtenga baritoni kama sauti yenye kazi yake, na mtunzi Giuseppe Verdi ndiye aliyempa kazi nzito kuliko wote. Baritoni Felice Varesi aliimba Macbeth kwa mara ya kwanza mwaka 1847, akafuatia Rigoletto mwaka 1851. Katika opera hizo tena ni kijana mpenzi. Baritoni ni baba, mfalme, au mtu mwenye kisasi moyoni. Ukiniuliza mimi, ndiye mwenye mambo ya kusema.

Afrika Mashariki nayo imo. Aida, opera ya Verdi iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Cairo tarehe 24 Desemba 1871, ina mfalme wa Ethiopia aitwaye Amonasro, aliyetekwa vitani na kuficha cheo chake mbele ya Wamisri. Amonasro ni baritoni. Na nafasi hiyo ndiyo aliyoingia nayo Robert McFerrin kwenye Metropolitan Opera ya New York tarehe 27 Januari 1955, akawa mwanamume mweusi wa kwanza kuimba nafasi kuu pale, siku 20 tu baada ya mwimbaji Marian Anderson, mwanamke mweusi, kufungua mlango huo.

McFerrin, mzaliwa wa Arkansas mwaka 1921, alikuwa mtoto wa mchungaji, na alianzia kuimba kanisani na ndugu zake. Wanakwaya wa Kabanga au Makere, huku Kasulu, hawataona ajabu hapo. Kilichomtofautisha ni mafunzo: miaka ya kujenga sauti inayovuka okestra nzima bila kipaza sauti, kwa kukusanya nguvu kwenye mitetemo ya karibu hezi 3,000, ambako ala huwa hafifu na sikio la binadamu ni kali. Lakini kipaji na mafunzo havikumpa maisha marefu pale Metropolitan. Aliimba misimu mitatu akaondoka, na mwaka 1959 watazamaji wa filamu ya Porgy and Bess walimsikia bila kumwona: midomo ilikuwa ya Sidney Poitier, sauti ilikuwa yake. Alifariki mwaka 2006. Mwanawe, Bobby McFerrin, naye ni mwimbaji aliyejulikana dunia nzima.

Sasa tumwiteje kwa Kiswahili? Asili ya neno ni Kigiriki, na maana yake ni sauti nzito. Tukilitafsiri hivyo tutamrudisha kwenye besi tulikomtoa. "Besi nyepesi" inamfanya besi aliyepungukiwa. "Sauti ya kati" inavutia, ila wanawake nao wana ya kwao, mezo, kati ya soprano na alto, kwa hiyo italazimu kusema "sauti ya kati ya kiume" kila mara, na hakuna mwalimu atakayetamka yote hayo mbele ya watu 30 wenye haraka ya kurudi shambani. Naona "baritoni" inatosha. Wanaopiga matarumbeta wanalijua tayari kama jina la ala. Mkongomani wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu au Mrundi aliyesomea Kifaransa analisikia na kulitambua papo hapo, na kwaya za ukanda huu zimechanganya watu wa pande zote hizo.

Walimu wengi wa kwaya hutunga nyimbo zao wenyewe, hivyo hawafungwi na safu nne. Atakayetaka kujaribu aanze na kiitikio kimoja: besi abaki na do, tena apewe mi ya juu, na wale baritoni waliokuwa wakinyamaza pale chini awaandikie mstari wao wenyewe, kwenye so.