Hawala
Neno hawala, lenye asili ya Kiarabu na undugu na kitenzi hawili, yaani kuhamisha, lilizoeleka katika hawala ya posta, ilhali hundi ya msafiri ina jina la Kihindi. Mjini Garissa, Kenya, hawala ni duka pia: msafiri hukabidhi shilingi dirishani, huandikisha jina na nambari ya simu, na wakala wa Dubai humlipa kabla fedha zenyewe hazijavuka mpaka, deni likisawazishwa baadaye. Aprili 2015, baada ya shambulio la kigaidi katika Chuo Kikuu cha Garissa, serikali ya Kenya ilisimamisha kampuni 13 za hawala hadi Juni, na neno hilo, bila kosa lake, likanuka ugaidi.